Malisho Yasiyo na Mtu

Tasraft, 6 Julai 1999

Mdogo wangu Bassou,

Assalam alaykum. Huku wote wazima, ila mimi nina hasira mpaka nimetia sukari kwenye chai mara mbili na shemeji yako Haddou ameinywa bila kusema neno, maana na yeye hajui anakunywa nini.

Alhamisi iliyopita mpiga mbiu alisimama juu ya ukuta wa soko akatangaza kwamba agdal, malisho yetu ya juu, imefunguliwa, kama anavyotangaza kila Julai inapoingia. Unaijua heka heka ya siku ile. Mahema yamekunjwa mapema, wanawake wanatukanana kwa mapenzi, kila mtu anataka nyumbu wake awe wa kwanza njiani. Haddou alitangulia, maana mlinzi wa agdal ndiye anayefungua njia. Tulipofika juu tukamkuta amesimama tu. Mbele yake kuna nguzo za chuma na seng'enge, nyuzi tano, mpya kabisa.

Nyuma ya waya majani yamefika magotini. Miezi mitatu na nusu hatujaingiza hata mwanambuzi mmoja, kondoo wetu wamekaa mbavu nje huku chini, ili Julai wale washibe. Sasa wamepanga mstari kwenye waya wanachungulia kama watoto wasioalikwa harusini.

Kuna askari wa kampuni pale. Ametuambia ni kampuni ya matufaha, na kwamba wana karatasi ya serikali inayosema eneo halina watumiaji. Watu wa serikali walikuja kukagua mwezi wa Aprili wakakuta hakuna mtu wala mnyama. Aprili, Bassou! Bila shaka hawakukuta mtu, Aprili pamefungwa! Mtu akienda msikitini saa nne asubuhi asikute watu, ataandika kwamba mji huu hauna Waislamu?

Jirani yetu Tuda anasema aliyeandika hayo ni mtu wa pwani ambaye hajawahi kumwona kondoo isipokuwa kwenye sahani. Wewe ndiye mtu wetu ndani ya ofisi ya maendeleo ya mkoa. Mtafute huyo mpumbavu, mshike sikio, mweleze agdal ni nini. Fanya haraka. Bila majani ya juu, hawa kondoo hawataiona theluji ikiyeyuka.

Dada yako,
Itto

*

Mjini, 19 Julai 1999

Dada Itto,

Wa alaykum salaam. Nimepokea barua yako kwa mkono wa dereva wa lori la soko, na nimeisikitikia sana habari hiyo.

Suala lenyewe si jepesi kama linavyoonekana. Faili la mradi wa matufaha liko idara nyingine, na taratibu zinataka mtu asubiri zamu yake. Kuhusu wakaguzi wa Aprili, siwezi kusema mengi, kwa kuwa siku zile nilikuwa kwenye semina mji mkuu. Nitauliza.

Nawaomba lakini mlitazame jambo hili kwa upana wake. Kampuni imeahidi barabara ya lami mpaka Tasraft. Mmekuwa mkiiomba barabara hiyo tangu enzi za babu. Kutakuwa na kazi za kupanda miche na kuchuma, na vijana hawatalazimika kwenda kubeba zege miji ya watu. Mwambie shemeji Haddou awatulize watu, asiwaache waguse waya.

Mimi nimepandishwa cheo, sasa ni mkuu wa kitengo. Nimepewa ofisi yenye dirisha. Nawatumia vichwa viwili vya sukari na chai, na kitambaa chako kile cha buluu ulichokitaka.

Mdogo wako,
Bassou

*

Tasraft, 8 Agosti 1999

Bassou,

Hongera kwa dirisha. Chungulia basi hapo ututazame.

Sukari imefika, kitambaa kimefika, jibu halijafika. Nilikuuliza ni nani, ukanijibu kwa taratibu na upana. Barabara tunaitaka, nani kasema hatuitaki? Lakini barabara ya kupitisha nini, kama hatuna kondoo wa kupeleka sokoni? Tumeshauza majike kumi na moja, na wachuuzi wanatuangalia wanatabasamu, wanajua hatuna pa kuwalisha.

Sasa sikiliza, kuna jambo baya zaidi. Alhamisi karani wa kampuni alikuja sokoni akaisoma ile karatasi mbele ya watu ili tunyamaze. Ndani imeandikwa kwamba mwenyeji wa kabila hili alihojiwa, akathibitisha kuwa malisho hayatumiwi. Mwenyeji! Soko zima likageuka likamtazama Haddou. Nani mwingine anaulizwa habari za agdal kama si mlinzi wake? Ali wa ukoo wa Ayt Moumen, yule mwenye sauti ya tarumbeta, akasema palepale, "Haddou, walikupa nini? Tuonyeshe basi na sisi tuonje!"

Haddou akasema, "Sijamwona mtu, sijasema na mtu."

"Basi apa," akasema Ali.

Kwa hiyo wamepanga ataapa, Alhamisi tarehe 2 Septemba, kwenye kaburi la walii, kwa desturi, yeye na watu kumi wanaomsimamia. Kumi wakiapa bila kuteleza neno, ametakasika na hakuna wa kumtaja tena. Pungufu mmoja, au mmoja akiteleza, amehukumiwa. Tutabomoa nyumba na kuhama, na huko twendako habari itatutangulia.

Amepata tisa. Ndugu zake wawili wamekufa, unajua, na binamu yake Ichou ameumwa mgongo ghafla, mgongo gani sijui, juzi alikuwa anabeba magunia. Haddou hataki kukuomba, anasema una kazi kubwa. Naomba mimi. Njoo uwe wa kumi.

Dada yako,
Itto

*

Mjini, 15 Agosti 1999
(haikutumwa)

Dada Itto,

Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Nyingine zote nimezichana.

Siwezi kuja kuapa, kwa sababu

Naweza kuja kuapa. Hilo ndilo linalonitisha. Naweza kuweka mkono juu ya kaburi na kusema Haddou hakumwambia mtu yeyote, na litakuwa kweli tupu, hakuna mtu duniani anayelijua hilo kwa uhakika kama mimi. Ningekuwa nadanganya ingekuwa rahisi zaidi, ningeogopa, ningekataa.

Sikuwa kwenye semina.

*

Mjini, 16 Agosti 1999

Dada Itto,

Nitakuja tarehe 2. Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi.

Bassou

*

Tasraft, 20 Septemba 1999

Mdogo wangu,

Uliondoka haraka hata mkate niliokufungia ukauacha mlangoni. Tumeula sisi.

Haddou bado anakuombea kila swala. Anawaambia watu, "Mnamwona shemeji yangu? Kaacha dirisha lake kaja kusimama nami." Ali wa Ayt Moumen amekuja na kichwa cha sukari, amembusu Haddou begani, wamepatana. Kwa hiyo jambo hilo limekwisha, na nakushukuru.

Ila nataka kukueleza ulichokuwa huwezi kukiona, kwa kuwa ulikuwa umeangalia kaburi, na sisi wanawake tulikuwa ukutani tunawaangalia nyinyi.

Wale tisa walitetemeka, Bassou. Zayd, ambaye amechunga na Haddou tangu wakiwa hawajaota jino la pili, alitokwa jasho mpaka kola ikalowa. Mzee Assou alishika kaburi kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka. Si kwamba hawamwamini. Wanamwamini, ndiyo maana wamekuja. Lakini hawakuwa naye kila siku ya Aprili. Walikuwa wanabeba mzigo ambao hawajui ndani yake mna nini, na kila mmoja alikuwa anajiuliza, je, kama? Kila mmoja alilitamka lile neno polepole, kama anayevuka mto juu ya mawe.

Ukaja wewe. "Naapa kwa Mwenyezi Mungu, na walii huyu shahidi, Haddou hakumwambia mtu yeyote kwamba agdal ni tupu." Ulilisema kama mtu anayeulizwa saa ngapi. Wenzangu wakanong'ona, mtu wa ofisi huyo, amezoea kusema mbele za watu. Tuda akasema, ona alivyo na imani na shemeji yake.

Mimi nimekulea tangu mama alipokufa. Nakujua ukiwa unaamini jambo, na nakujua ukiwa unalijua. Ukiamini tu, unakohoa kwanza, unashika sikio, unatafuta maneno. Siku ile hukukohoa.

Wale tisa waliapa kwa kumwamini Haddou. Wewe uliapa kwa kujua. Na anayejua kwamba si Haddou, anamjua aliyesema.

Sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe: ni nani?

Dada yako,
Itto

*

Mjini, 3 Oktoba 1999

Dada Itto,

Ni mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo siku tano nikitafuta ya kuitanguliza, na sikupata. Sasa nikueleze, si kwa kujitetea, ingawa najua nitajitetea njiani bila kupenda.

Januari mkurugenzi alituita maofisa wa wilaya zote. Wawekezaji wanataka ardhi isiyo na watu, akasema, na mikoa mingine inawapa, sisi tunawapa visingizio. Kila mmoja alete hekta mia nne kabla ya Juni. Atakayeleta kwanza, kitengo ni chake. Wenzangu wakaanza kuhangaika na ramani. Mimi sikuhitaji ramani. Nilijua mahali palipo na maji, palipo tambarare, na nilijua ni miezi gani ukienda hutakuta mtu.

Tulikwenda tarehe 14 Aprili, mimi na mpima ardhi. Tulipita njia ya nyuma ili nisipite mlangoni kwako. Huyo mpima ardhi ndiye mtu wa pwani anayetukanwa na Tuda, na nataka ujue kwamba yeye aliona. Aliona mawe ya kuzungushia mahema, akaona meko, akaona samadi ya mwaka jana. Akaniuliza, "Bwana Bassou, hapa kweli hapakaliwi na mtu?"

Nikamwambia, "Unamwona mtu?"

"Simwoni."

"Basi andika hakuna."

Akaandika. Kisha akasema fomu inataka maelezo ya mwenyeji. Nikamwambia, "Mwenyeji si mimi hapa?" Tukacheka, Dada. Tulicheka, na yeye akaandika kwamba mwenyeji wa kabila amethibitisha. Kila kilichomo kwenye ile fomu ni kweli. Siku ile hapakuwa na mtu. Mimi ni mwenyeji. Nilithibitisha. Nimekuwa kazini miaka kumi na miwili na sijawahi kuandika fomu safi kama ile.

Niliifikiria barabara, wallahi niliifikiria. Nilifikiria wanawake wanaoshushwa kwa nyumbu wakiwa na uchungu wa kuzaa. Nilijiambia watu watalalamika mwaka mmoja, mwaka wa pili watapanda gari. Nusu nilikuwa najidanganya na nusu nyingine nilikuwa naamini, na mpaka leo siwezi kuzitenganisha hizo nusu mbili. Lakini nikiwa mkweli, siku ile niliyosaini niliwaza dirisha, sikuwaza barabara.

Baada ya kiapo Haddou alinichinjia mbuzi. Alinikatia ini yeye mwenyewe, akanipa kwa mkono wake, akasema, "Kula, ndugu yangu." Nililila. Ndiyo sababu niliondoka bila mkate.

Nakuomba usimwambie. Nipe muda nilirekebishe kimyakimya kutoka humu ndani. Nawafahamu watu.

Mdogo wako,
Bassou

*

Tasraft, 17 Oktoba 1999

Bassou,

Kimyakimya ndivyo ulivyoliharibu.

Nimeisoma barua yako zizini, mahali ambapo mtu akilia watu hudhani ni ukali wa samadi. Kisha nikaenda kukanda unga. Haddou akaniuliza nina nini, nikamwambia jino. Kwa hiyo na mimi sasa ni mwongo, umenipa kazi katika ofisi yako.

Karani wa kampuni anasema Machi matrekta yatapanda mlimani kulima. Ardhi ikishapinduliwa hata serikali ikijuta, majani yale hayarudi maisha yetu haya. Kwa hiyo huna muda wa kuwafahamu watu.

Andika kwa Gavana. Andika kwamba agdal ina wenyewe, kwamba ilikuwa imefungwa, kwamba ulijua imefungwa. Tia jina lako na la baba. Niletee nakala, nitampa mpiga mbiu aisome sokoni, mahali palepale waliposimama wakamtazama mume wangu. Haddou nitamwambia mwenyewe kabla ya soko. Hastahili kulisikia kutoka juu ya ukuta.

Najua watakufukuza. Nimelifikiria hilo kila nikichota maji. Sikuombi kwa wepesi, na wala usidhani sikupendi. Nilikubeba mgongoni mpaka ukajua kukimbia. Lakini kuna nyumba sitini na tatu hapa.

Dada yako,
Itto

*

Mjini, 1 Novemba 1999

Dada Itto,

Nakala ni hii. Ya kwanza nimeipeleka kwa Gavana leo asubuhi kwa mkono wangu, wamenigongea muhuri wa kupokelewa.

"Mheshimiwa Gavana. Mimi, Bassou mwana wa Moha, wa kabila la Tasraft, mkuu wa kitengo katika ofisi ya maendeleo ya mkoa, natamka kwamba taarifa ya ukaguzi ya tarehe 14 Aprili ni ya kupotosha. Eneo lililotajwa kuwa halina watumiaji ni agdal ya nyumba sitini na tatu. Kwa desturi hufungwa kutoka katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Julai ili majani yakue. Nilichagua siku ya ukaguzi nikilijua hilo. Mwenyeji aliyehojiwa ni mimi mwenyewe. Haddou, mlinzi wa agdal, hakuulizwa na hakusema lolote. Naomba ukaguzi urudiwe mwezi wa Julai."

Mkurugenzi ameniita mchana. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimerogwa. Kisha akasema nimfikirie mtoto wa wilaya yoyote ya milimani atakayeomba kazi hapa baada yangu, watamwambiaje. Hilo nalo nimelibeba.

Sijui kama itasaidia. Nilidhani nikiipeleka nitapumua. Bado sijapumua.

Mwambie Haddou

Hapana. Usimwambie kitu kutoka kwangu.

Bassou

*

Tasraft, 9 Julai 2000

Bassou,

Barua zako tatu za majira ya baridi zimefika. Sikuzijibu, kwa kuwa kila nilichoandika kilikuwa ama kikali mno ama kitamu mno. Nasikia wamekuweka kwenye chumba cha mafaili ya zamani, na kwamba wenzako wanakupita kwenye ngazi kama hawakuoni. Nimesikitika. Nalisema wazi, nimesikitika.

Matrekta hayakupanda mlimani. Amri ilikuja Februari, theluji ikiwa bado mlangoni. Kesi haijaisha na waya bado upo, lakini geti limeachwa wazi mpaka hukumu, na Gavana akaamuru ukaguzi urudiwe. Tumepoteza kondoo wengi baridi hii. Walionusurika wapo juu sasa hivi wanakula mpaka wanajisahau.

Wakaguzi walifika tarehe 3. Yule mpima ardhi wa pwani ndiye aliyerudi. Safari hii alikuta mahema meusi bonde zima, watoto, mbwa, siagi inasukwa. Tuda alimlisha mtindi mpaka akaomba radhi. Akaanza kuandika nyumba moja moja: jina la mwenye nyumba, na hesabu ya watu wenye haki ya malisho. Aliyeko mbali naye anahesabiwa, unajua, haki yake hailali. Zayd alimtaja mwanawe aliye Ufaransa mwaka wa tisa huu. Tuda alimtaja mumewe ambaye hata hajui kama yuko hai. Ali wa Ayt Moumen alitaka kumhesabu mtoto ambaye bado yuko tumboni, watu wakacheka, mpima ardhi naye akacheka akamwandika.

Akafika kwetu. Haddou alikuwa amesimama mbele ya hema. Tangu Novemba, siku niliyomwambia, hajalitaja jina lako, si kwa ubaya wala kwa wema. Soko liliposomewa barua, watu walikutukana na yeye alinyamaza. Nilidhani kimya kile kitapoa chenyewe.

"Wangapi?" akauliza mpima ardhi.

Nyumba yetu ni saba. Mama mkwe, Haddou, mimi, watoto watatu, na wewe. Tangu baba alipokufa tumekuhesabu kwetu, kila mwaka, hata ile miaka uliyokuwa huandiki.

"Sita," akasema Haddou.

Mpima ardhi hakuandika. Alimwangalia Haddou, kisha akaniangalia mimi. Anakujua yule, alikuwa nawe. Akauliza taratibu, "Hakuna mwingine, aliye mbali?"

Haddou aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira usoni, Bassou, ningeona. Alikuwa ananiachia mimi niseme. Kalamu ilikuwa inasubiri.

Nikasema, "Sita."

Itto